Wakuu naomba ushauri: tufe langu la kwanza la bolingi, la plastiki au la rezini?

Mgeni_wa_Leni:
Habari za wakati huu wanajamvi. Nina muda sasa nacheza bolingi kwa matufe ya ukumbini, yale ya kwenye rafu ambayo kila mtu anaokota. Mchezo umeniingia damuni, nataka tufe langu mwenyewe lililotobolewa kufuata mkono wangu. Shida ni kwamba kila ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Wapo wanaosema anayeanza achukue plastiki, wapo wanaosema achukue rezini moja kwa moja asije akanunua mara mbili. Uzito nao sina hakika. Naogopa kutupa hela. Wenye uzoefu nisaidieni, na ikiwezekana mapema, maana nina haraka kidogo.

Kipanga:
Plastiki mkuu, usijisumbue. Linakwenda moja kwa moja, halijali sana leni, ile njia ya kurushia tufe, imepakwa mafuta kiasi gani. Hata ukishakuwa mkongwe utalihitaji kwa kumalizia pini zilizobaki pembeni. Rezini ni kwa mtu anayejua kulizungusha. Likitoka kwenye mafuta likakuta sehemu kavu, linapinda ghafla, na wewe bado hujajua ulisimama wapi ulipoliachia.

Mama Straiki:
Mimi niongelee uzito, kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Wengi hukadiria asilimia 10 ya uzito wa mwili. Ni makadirio tu, siyo sheria. Sheria inasema tufe lisizidi paundi 16, yaani kilo 7 na ushee. Mdogo wangu alikataa kusikia, akachukua zito kwa sababu marafiki zake wote walikuwa na mazito. Bega likashuka, hatua zikavurugika, akawa analidondosha badala ya kuliachia. Alipopunguza paundi mbili alama zikapanda. Sasa hivi ananifunga mimi dada yake na anajigamba mbele ya watoto wangu! Nidhamu ilishatoweka kwenye ile familia, lakini hiyo ni mada nyingine.

Nukta_Nne:
Chukua lenye rangi nzuri. Pini zisipoanguka, picha zitoke vizuri.

Fundi Gumba:
Mgeni, kabla ya plastiki na rezini kuna mkono wako. Matufe ya ukumbini yana matundu mapana na umbali mfupi kati ya gumba na vidole ili yamkubali kila mtu, ndiyo maana unalazimika kulikaba lisikuponyoke. Tufe lililopimwa vizuri linakaa lenyewe mkononi, na paundi zilezile unaziona nyepesi. Kwa hiyo nikuulize: umeshapimwa? Na hiyo haraka ni ya nini? Nahisi tufe unalo tayari.

Mgeni_wa_Leni:
Sawa Fundi. Tufe ninalo. Nimelinunua kwa mtu anayeacha kucheza. Ni la rezini, paundi 15, na limeshatobolewa. Kabla sijalipa tulilinganisha mikono kiganja kwa kiganja, na inalingana kabisa. Tundu la gumba tu ndilo linabana, na nimeshaongea na mtu wa kulipanua kwa msasa. Naomba tusianze na habari za "ungesubiri". Bei ilikuwa nzuri, na kuna mtu mwingine alikuwa analitaka. Nilichotaka kujua ni kama rezini litanifaa.

Babu Mtulivu:
Hapo ndipo vijana mnaponishinda. Mtu anaamua, analipa, anatafuta na fundi, kisha anakuja kutuomba ushauri. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mchezo huu unataka subira, na subira haianzi kwenye leni, inaanza dukani.

Mgeni_wa_Leni:
Shikamoo Babu. Nimekusikia, ila sikukurupuka. Nililishika, nikalibembeza, nikaona linanifaa. Mkono ni mkono, na wake ni sawa na wangu.

Fundi Gumba:
Viganja kulingana hakutoshi. Nijibu mawili. Vidole vyako viwili unavizamisha hadi kiungo cha kwanza au cha pili? Na gumba linakufa ganzi?

Mgeni_wa_Leni:
Hadi cha pili, kama ninavyofanya kwenye ya ukumbini. Matundu ya vidole yana raba ndani, inabidi nisukume kidogo. Ganzi ipo, upande wa gumba unaotazamana na kidole cha shahada. Baada ya muda inaisha. Nilidhani ni ugeni tu.

Fundi Gumba:
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Raba zile zinaonyesha karibu kwa hakika kuwa aliyekuuzia alishika kwa ncha za vidole, yaani hadi kiungo cha kwanza tu. Kwa mshiko huo umbali kati ya gumba na vidole hutobolewa mrefu. Wewe unazamisha hadi cha pili, kwa hiyo mkono unavutika kupita kiasi, gumba haliingii lote, na ukingo wa tundu unalikandamiza palepale penye mshipa wa fahamu. Ukiendelea, mshipa huo hukomaa kwa kusuguliwa, unavimba na kuwa mgumu, na ganzi inahamia kwenye maisha yako yote nje ya leni. Madaktari wanaijua vizuri kwa wachezaji wa bolingi. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali.

Na msasa utapanua tundu tu. Umbali utabaki ule ule, na mwinamo wa tundu utabaki ule ule. Utalegeza kinachobana, kisha utaanza kukaba. Hivyo ni viatu vya mtu mwingine, mkuu. Kuvikata nyuma hakuvifanyi kuwa vyako.

Zuhura_Mikono2:
Mimi gumba nililitoa kabisa! Narusha kwa mikono miwili kama Jason Belmonte wa Australia. Vidole viwili ndani, mkono wa pili unasaidia, tufe linazunguka vizuri mno. Ganzi nazisikia kwa watu.

Fundi Gumba:
Zuhura, hongera, lakini huyu bado anajifunza kuachia kwa mkono mmoja. Tusimbadilishie mchezo mzima kwa sababu ya tundu moja.

Mgeni_wa_Leni:
Kuna jambo jingine. Pembeni kuna tundu la nne. Nilidhani ni la kidole kidogo, ila hakifiki hata nikijinyoosha vipi. Nalo lipanuliwe?

Jicho_Pevu:
Haya, hapa sasa nimekushika. Tufe la matundu manne? Mara ulisema hujui ununue lipi, mara unalo. Mara linakufaa, mara ganzi. Sasa tundu la pembeni lisilofikiwa na kidole chochote. Wakuu, hii ni chai. Kuna mtu anatupotezea muda.

Kipanga:
Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha.

Nukta_Nne:
Picha au uzi ufungwe.

Mgeni_wa_Leni:
Picha siweki. Aliyeniuzia bado anakuja kuangalia wenzake wakicheza pale pale ninapochezea, na tufe lake kila mtu analijua. Sitaki asome hapa kwamba namsema. Kama hamniamini basi, ila gumba linaloumia ni langu.

Fundi Gumba:
Jicho Pevu, punguza kasi. Tundu hilo lipo kweli. Lilikuwa linatobolewa makusudi kupunguza uzito upande mmoja na kubadilisha namna tufe linavyobingirika. Wala kidole hakikutakiwa kulifikia. Kuanzia Agosti 1, 2020, kanuni za USBC, chama cha bolingi cha Marekani, zinataka kila tundu liwe la kushikia. Tundu la ziada likazuiwa kwenye mashindano yao, na wengi wakayaziba. Aliyekuuzia hakuziba. Anayetunga hadithi angelielezea tundu lile kwa mbwembwe; huyu anauliza kama ni la kidole kidogo. Mimi namwamini.

Jicho_Pevu:
Nimekuelewa Fundi. Mgeni, niwie radhi. Basi kwa kuwa huenda tufe lina umri, likague kwa tochi, hasa pale katikati ya matundu mawili ya vidole. Nyufa hupenda kuanzia hapo, zaidi kwa matufe yaliyoachwa kwenye gari lenye joto.

Mgeni_wa_Leni:
Yamekwisha ndugu. Nimekagua, sioni ufa. Fundi, nikiziba yote manne na kutoboa upya?

Fundi Gumba:
Ndiyo njia sahihi ukitaka kulibakiza. Matundu yanajazwa rezini ya maji, inaachwa igande, inasawazishwa, ndipo unapimwa na kutobolewa upya. Uliza gharama ya kazi yote kisha ilinganishe na tufe jipya la plastiki lililotobolewa. Mara nyingi hazipishani sana. Mimi ningekushauri uanze na hilo jipya, rezini ulihifadhi ndani ya nyumba hadi mkono ujue kuzungusha.

Mama Straiki:
Na paundi 15 mmezipita hivi hivi? Ukumbini unatumia ngapi?

Mgeni_wa_Leni:
Kumi na moja. Ila nitazizoea dada, hata huyo aliyeniuzia si mtu mkubwa.

Mama Straiki:
Kumi na moja hadi kumi na tano! Mdogo wangu mwingine huyu.

Fundi Gumba:
Kuziba hakubadilishi uzito, kwa hiyo jipime kabla hujalipa tena. Ganzi ikiisha, chukua la paundi 15 la ukumbini, la matundu yanayokuingia vizuri, cheza michezo mitatu mfululizo. Mchezo wa tatu ukiona bega linashuka au unaliachia kabla halijafika kwenye kifundo cha mguu, jibu umepata. Hilo rezini liuze, na utafute la 12.

Mgeni_wa_Leni:
Nitafanya hivyo. Yule wa msasa nimeshamwambia asubiri. Ila kuliuza, hapo sijafika.

Fundi Gumba:
Sawa. Siku ya kupimwa rusha kidogo kwanza, maana gumba hubadilika ukubwa mkono ukipata joto. Mwambie fundi aliache tundu kubwa kidogo, mengine utajaza kwa tepu. Na akulainishie ukingo wa ndani, upande ule wenye ganzi.