Naombeni msaada: nataka nijue kupika mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa, sijui chochote

Mzigua_wa_Mbagala
Habarini wakuu, kwa wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanaume, miaka 33, niko Mbagala, chumba na sebule, naishi peke yangu. Miaka yote nakula kwa mama ntilie, asubuhi chapati na supu, mchana wali maharage, usiku chipsi au nanunua ugali samaki narudi nao kwenye mfuko. Sasa nataka niache kabisa hayo mambo, nipike nyumbani mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nisitumie vitu vya kwenye pakti, niwe najua kila kinachoingia kwenye sufuria. Nimeshanunua jiko la gesi la plet mbili na mtungi mdogo, sufuria, mwiko na kisu. Shida ni kwamba wali wangu chini unaungua juu una kiini, na maharage nilichemsha mpaka naona gesi itaisha bado magumu. Shule zikifunguliwa mwezi wa saba nataka niwe na vyakula hata vitano ambavyo nikipika sibahatishi. Nianze na vipi? Nielekezeni taratibu maana muda umenibana na kiukweli usingizi sipati.

Kijana_wa_Tandika
Mkuu dawa ya hilo tatizo inaitwa kuoa. Hiyo hela ya mtungi ungeongezea kwenye mahari 😂😂

Bi_Mkunazi
Marahaba mwanangu. Huyo wa kuoa muache, na yeye akiumwa njaa atarudi hapa kuuliza.

Tuanze na wali. Kikombe kimoja cha mchele, maji kikombe kimoja na nusu kama mchele ni mpya, kama ni wa zamani weka viwili. Mpya ndio huo unaonata, unakunywa maji kidogo. Chambua mawe kwanza, osha, chuja. Chemsha maji na chumvi na mafuta kidogo, yakitokota mimina mchele, koroga mara moja tu, funika. Maji yakikauka juu, hapo ndipo wewe unapoharibu, unaacha moto mkubwa. Sisi wa mkaa tunapalia, moto kidogo chini na makaa juu ya mfuniko, wewe wa gesi punguza mpaka mwisho kabisa, funika vizuri mvuke usitoke, kaa robo saa bila kufunua funua. Kila ukifunua unautoa mvuke ambao ndio ungeivisha hicho kiini.

Maharage loweka toka usiku. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, yatokote kwa nguvu kabisa, usiyaache yakachemka kiuvivu, maharage mekundu yakiwa hayajaiva vizuri yanatapisha watu. Nyanya usiweke mpaka yaive, ile chachu yake inayafanya yagome. Na ukinunua muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, yaliyokaa stoo miaka unaweza kuyapikia mtungi mzima. Yakiiva ndio unaunga: kitunguu kwenye mafuta mpaka kibadilike rangi, nyanya mpaka zipondeke zitoe mafuta juu, mimina maharage, mwisho tui la nazi, ukishaweka tui koroga taratibu lisikatike.

Mnyali_Doha
Mimi nilijifunza kupika hapa Doha bana. Tunaishi wanaume wengi nyumba moja, wa Mombasa, wa Malindi, Waganda wawili na Mtanzania mmoja, na kila mtu ana siku yake. Siku yangu ya kwanza niliwapikia ugali ukawa uji, jamaa wakanyamaza kimya wakala, kesho yake mzee mmoja wa Lamu akaniamsha akanipeleka jikoni akanifunza pilau. Kwanza unakaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawa, hapo ndipo rangi ya pilau inatoka, si kwenye masala. Sasa Ijumaa wananisubiri mimi. Anza na pilau ndugu yangu, ukiiweza hiyo nyingine zote ni mteremko.

Bi_Mkunazi
Pilau mtu ambaye wali mweupe haujamnyookea? Hapana baba.

Mama_Chanda
Kaka anza na mchicha wa karanga, hauna ujanja wowote. Mchicha osha maji hata mara tatu una mchanga, katakata, kitunguu, nyanya, karoti ukipenda, tia mchicha, ukinywea tu unaweka karanga za kusaga ulizokoroga na maji ya uvuguvugu, dakika chache umemaliza. Una mboga na una protini humo humo. Kisamvu pia, ila hicho kinataka kutwangwa na kuchemka muda mrefu, kiache kwanza. Mimi wanangu hawali mboga ya majani bila karanga.

Mzigua_wa_Mbagala
Asanteni sana, Bi Mkunazi Mungu akuweke, wali leo umechambuka, chini umeshika kidogo lakini unalika. Maharage nimeloweka. Mama Chanda mboga nimeielewa ila naomba kuuliza, karanga ni lazima? Na mtu akiweka kidogo tu, tuseme kijiko, si inakuwa haina shida? Na mafuta yaliyokaangiwa karanga ukikaangia kitu kingine bado yanahesabika?

Nesi_wa_Zamu
Mkuu hayo maswali ya karanga sio ya mtu anayejifunza kupika. Na umesema shule zikifunguliwa, wewe unayeishi peke yako unasoma shule gani?

Mzigua_wa_Mbagala
Ni mambo ya familia tu, naomba tubaki kwenye mapishi.

Kijana_wa_Tandika
Hapo kuna kitu. Wadau vuteni viti.

Bi_Mkunazi
Mwanangu ukinificha nitakuelekeza kisichokufaa. Unampikia nani?

Mzigua_wa_Mbagala
Sawa. Nina binti, ana miaka sita na nusu, anaishi na mama yake Tanga, tuliachana kwa amani tu. Mama yake amepata kazi Muscat, anaondoka mwisho wa mwezi. Mtoto anakuja kukaa na mimi, atapanda basi na shangazi yake mimi nawapokea pale Magufuli Mbezi. Shule huku nimeshamwandikisha, sare nimeshashonesha. Kabla mtu hajaniambia nimpeleke kwa bibi yake Korogwe, hapana, hilo nimeshaamua. Na dada wa kazi sitaweka. Nitapika mimi.

Mzee_Kiboriloni
Kijana acha ubishi. Mtoto wa kike wa miaka sita anatakiwa awe na bibi yake au shangazi. Sisi tumelelewa na bibi zetu tukakua, tena tulikuwa tunaamka saa kumi na moja kuchota maji. Nyie vijana wa mjini mnachukulia malezi kama majaribio. Mwanaume unatafuta hela, jikoni hutaweza, wiki mbili tu utamrudisha kwenye chipsi.

Dada_wa_Ruwi
Mimi niko Muscat mwaka wa pili huu, nimemaliza mkataba mmoja nimeongeza mwingine. Wangu nimemwacha kwa mama Singida. Nikipiga simu usiku swali langu la kwanza ni amekula nini, mama ananiambia wewe fanya kazi mtoto anakula. Namwamini mama yangu lakini nikikata simu nakaa macho mpaka alfajiri nikijiuliza. Kaka kama umeamua kumpikia mwanao kwa mkono wako usirudi nyuma, na ukipika mpigie mama yake picha ya sahani. Hujui hiyo picha inamfanyia nini mtu aliyeko huku.

Nesi_wa_Zamu
Yote sawa, ila la karanga hujajibu. Mtoto akila karanga anakuwaje?

Mzigua_wa_Mbagala
Anavimba midomo. Anajikuna, anatoka mapele makubwa mwili mzima. Mara ya mwisho alitapika na akawa anahema kama mtu aliyekimbia, mama yake akamkimbiza kituo cha afya wakamchoma sindano. Ilikuwa ni uji, dada wa kazi alinunua unga wa lishe sokoni, humo ndani mlikuwa na karanga yeye hakujua, wala simlaumu. Ndio maana sitaki dada. Na bibi yake nampenda ni mama yangu mzazi, ila anasema mtoto anadeka, kwamba sisi wote tumekua na karanga hakuna aliyekufa, ampe kidogo kidogo atazoea. Mama yake ndiye anayejua kila kitu na ndiye anaondoka. Sasa mnaelewa kwa nini nataka kujua kila kinachoingia kwenye sufuria?

Mchunguzi_Huru
Wakuu hii ni chai, tena ya tangawizi. Moja, mzio wa karanga ni ugonjwa wa Wazungu, huku kwetu watoto wanakula kashata toka wanaanza kutembea. Mbili, huyu huyu mwaka jana kwenye uzi wa kutafuta chumba aliandika yeye msela hana mke wala mtoto, nendeni mkaangalie. Leo ana binti wa miaka sita na nusu! Uzi ulianza na wali, ukaja mtoto, ukaja Oman, sasa sindano. Kesho mtaombwa namba ya kutuma mchango.

Kijana_wa_Tandika
Nilisema kuna kitu mimi 😂 Mkuu tupe sehemu ya pili.

Mama_Chanda
Jamani kama ni uongo mimi nitajisikia vibaya maana nimeshasimulia kwa mume wangu. Mzigua ni kweli au?

Mzigua_wa_Mbagala
Mchunguzi uzi ule ni wangu na niliandika hivyo, vyumba nilivyokuwa naviona wenye nyumba walikuwa hawataki watoto, na mtoto alikuwa kwa mama yake, ningeandika nini? Sijaomba hata shilingi, sijatoa namba ya mtu yeyote, nimeomba kuelekezwa wali. Ukiona ni chai usinywe. Mimi mwenzenu nikilala namuona mtoto amevimba niko naye peke yangu usiku.

Pwani_Msalato
Mchunguzi usiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Mimi dagaa kamba wakikaangwa tu nikaupata ule mvuke macho yanafunga, na nimezaliwa Bagamoyo, baba yangu mvuvi. Nimehamia Dodoma nimepumzika. Na kwa habari ya karanga, hata asiye na mzio awe makini, zilizoota ukungu au zilizokunjamana zitupwe, zina sumukuvu, mahindi pia, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu, wengi walikuwa watoto. Sisi toka mwaka ule mahindi tunachambua kwanza ndio yanaenda mashineni.

Nesi_wa_Zamu
Sijali kama ni chai, najibu kwa sababu atasoma na mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo. Mzio wa chakula upo kwa watu wote, nimewapokea zamu ya usiku. Mzigua, hakuna kijiko kidogo. Safari moja anavimba midomo tu, safari nyingine chembe hiyo hiyo inafunga koo, huwezi kujua. Kukaanga au kuchemsha hakuondoi. Mafuta yaliyokaangiwa karanga yanahesabika, na mwiko pia. Bibi asimjaribishe hata siku moja, mwambie kwa heshima lakini mwambie. Akivimba ulimi, sauti ikikauka, akihema kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea, usimpe maziwa wala usisubiri apoe, hapo hapo bodaboda au bajaji hospitali, useme mlangoni kabisa kwamba ni mzio, anahitaji adrenalini, inachomwa pajani. Kabla shule hazijafunguliwa mpeleke kwa daktari akiwa mzima, Temeke rufaa si mbali na wewe, waandike kwenye kadi yake. Mwalimu wa darasa apewe nakala, na muuza kashata wa getini umuoneshe mtoto wako.

Mzee_Kiboriloni
Kwa hilo la mzio sikujua. Lakini bibi angeelekezwa angeelewa, wazee sio wajinga.

Mzigua_wa_Mbagala
Mzee wangu shikamoo. Nitamwelekeza, likizo atakwenda nikiwepo. Ila kuishi atakaa na mimi.

Nesi asante sana. Sasa narudi jikoni. Atafika Jumamosi jioni amechoka na safari, nimpikie nini? Uji anaupenda sana lakini unga wa lishe siugusi tena. Nazi na maharage anakula vizuri, kwa mama yake alikuwa anakula kila wiki.

Mama_Chanda
Nunua ulezi mwenyewe upeleke mashine.

Bi_Mkunazi
Hapana Mama Chanda, mashine hiyo hiyo asubuhi imesaga lishe ya mtu mwingine, karanga zimebaki kwenye meno yake.

Mwanangu mpikie uji wa mchele, huu hauhitaji mashine. Mchele nusu kikombe, chambua, osha, loweka toka mchana. Weka maji vikombe vinne, chemsha moto mdogo na chumvi chembe, acha mpaka punje zipasuke zote zilegee, uwe unakoroga usishike chini. Uponde kwa mgongo wa upawa kwenye ukingo wa sufuria. Nazi kuna mwenyewe, ile ya kukuniwa sokoni usinunue maana meza yake hujui imekaa nini. Chuja tui zito weka pembeni, tui jepesi mimina kwenye uji lichemke nao, sukari, iliki moja uliyoitwanga. Tui zito mwisho, likianza tu kufuka zima moto. Kama ataomba kitu cha kushiba baadaye uwe na wali na maharage yako, mboga mpe mchicha wa nazi, unapika vile vile alivyosema Mama Chanda ila tui badala ya karanga. Wali ukibaki usiuache kwenye sufuria mpaka asubuhi na joto hili la Dar, kama huna friji mpike mnaokula usiku huo tu.

Na hizo sufuria ulizonunua kama ni za mtumba, zisugue kwa mchanga na sabuni, mwiko wa mti nunua mpya.

Mzigua_wa_Mbagala
Sufuria ni mpya, mwiko ni wa jirani. Kesho nanunua. Iliki inatwangwa na maganda yake au namenya?

Bi_Mkunazi
Menya, twanga mbegu tu.