Tupeane uzoefu: Mkristo afanye nini tamaa ya mwili inapomjia saa tano usiku?

Mlinzi wa Zamu
Wapendwa, "omba sana" tumeisikia, na maombi yabaki palepale. Ila mtu aliyelala kitandani saa tano usiku na simu mkononi anahitaji jibu la saa tano usiku. Tuleteane yanayofanya kazi, hatua kwa hatua, na pale yanapoharibikia. Habari za nani alianguka na nani tuziache. Simulizi za namna hiyo huwawasha wanaozisoma.

Naanza na msingi, maana wengi wanapigana na adui asiye wao. Mathayo 5:28 inamtaja "atazamaye mwanamke kwa kumtamani". Tunashika "atazamaye", tunaruka "kwa kumtamani". Kigiriki chake kinabeba nia: kutazama *ili* kutamani, yaani jicho limetumwa kazi. Na kitenzi hichohicho, epithumeo, ndicho Yesu anachokitumia katika Luka 22:15 anaposema ametamani sana kuila Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Kutamani si uchafu kwa asili yake. Umemwona mtu mzuri, mwili umeshtuka: hapo bado hujatenda kitu. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, akiifafanua hotuba ya mlimani, alitaja ngazi tatu: wazo kupendekezwa, moyo kulifurahia, nia kulikubali. Kazi yetu iko kati ya ya kwanza na ya pili. Anayengoja ya tatu anaanza mieleka akiwa tayari chali.

Msomaji Taratibu
Umenena, mkuu. Fungueni 2 Samweli 11 mhesabu vitenzi. Wafalme wametoka kwenda vitani, Daudi *anakaa*. Jioni *anaondoka* kitandani, *anatembea* juu ya dari, *anaona*, *anatuma* kuuliza, *anatuma* tena aletwe. Mahubiri huanzia kwenye "anaona", lakini mlango ulifunguliwa kwenye "anakaa". Na hata alipokwisha kuona alikuwa na nafasi mbili za kugeuka kabla Bathsheba hajafika mlangoni.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika mnyororo wako kuanzia mwisho kurudi nyuma. Maswali sita yanatosha: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, mkononi ulikuwa na nini, mwili ulikuwaje, moyoni ulikuwaje, na ni sentensi gani ulijiambia kabla. Fanya hivyo kwa mara tatu au nne zilizopita. Utaona mambo yanajirudia: njaa, hasira, upweke, uchovu. Mimi ningeongeza mawili ambayo hayasemwi sana: kukosa la kufanya, na saa chache baada ya ushindi. Mtu amemaliza mtihani, au amehubiri vizuri, sasa anajiambia "leo nimefanya kazi kubwa, nastahili kupumzika kidogo". Sentensi hiyo iwekeni alama nyekundu.

Kosa la kawaida ni kuandika mwisho tu, ule wa aibu, wakati dawa iko saa moja au mbili nyuma yake. Kosa la pili ni kueleza picha zenyewe kwa kirefu. Daftari likishakuwa na maelezo hayo limegeuka chambo.

Bado Najifunza
Wakubwa, wazo likija nafanyaje? Nilifundishwa kulikemea papo hapo, kwa nguvu.

Mshauri Mstaafu
Ndugu, kukemea kwa muda mrefu kunalipa wazo kiti cha mbele. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, wakigonga kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakuzuiwa mwanzoni. Ubongo ukiambiwa "usiwaze kile", sharti uendelee kukikagua ili ujue kama umekiacha.

Karne nyingi kabla yake Evagrio wa Ponto, mtawa wa jangwani aliyefariki mwaka 399, alishaandika kwamba mawazo kutusumbua au kutotusumbua hakuko mikononi mwetu; kilicho mikononi mwetu ni kukaa kwake au kutokaa. Basi utaratibu ni huu:

Kwanza, litambue kwa sentensi moja fupi bila kugombana nalo: "Hii ni tamaa, imekuja." Usilichunguze, usilitubie kwa dakika ishirini.

Pili, sala fupi ambayo haihusu wazo lenyewe. Yohane Kasiano, mtawa wa kale, aliwapa watawa Zaburi 70:1, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Ukiomba "Bwana, niondolee picha ya fulani akiwa hivi na hivi", umeichora upya picha ileile, tena umeiwekea rangi.

Tatu, simama. Ondoka chumbani. Hapa ndipo watu wengi wacha Mungu wanapofeli: wanaomba wakiwa wamelala, macho yamefumbwa, gizani. Tamaa hutumia macho ya akili, na macho yaliyofumbwa yameiachia turubai nzima. Tafuta kazi inayodai macho na mikono kwa pamoja: kukunja nguo, kuosha vyombo, kupanga rafu, kunakili Zaburi kwa kalamu. Kunakili kunashinda kusoma kwa sababu mkono una kazi.

Nne, weka saa ya dakika 20, na ujiambie hutaamua lolote kabla haijalia. Hamu isiyolishwa hupanda, hufika kilele, hushuka. Wengi hawajui inashuka kwa sababu hawajawahi kuingoja. Na haitashuka ikiwa ndani ya dakika hizo unachungulia "kidogo tu".

Paulo ameliweka vizuri katika 2 Timotheo 2:22: zikimbie tamaa za ujanani, *ukafuate* haki, *pamoja na* wale wamwitao Bwana. Anayekimbia bila kujua anakoelekea huzunguka nyumba na kurudi kwa mlango wa nyuma.

Fundi Simu
Nije kwenye kifaa, maana kwa wengi dari ya Daudi siku hizi inaingia mfukoni.

Android kuanzia toleo la 9: fungua mipangilio, sehemu ya mtandao, tafuta "Private DNS", chagua kuandika jina la mtoa huduma, andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Tovuti nyingi za ngono zitagoma kufunguka, ukiwa kwenye data hata kwenye wifi. iPhone: mipangilio, "Screen Time", vizuizi vya maudhui, kisha chagua kuzuia tovuti za watu wazima. Nambari ya siri aiweke mtu mwingine wewe ukiwa hutazami. Nambari ukiijua mwenyewe, umejifungia mlango na ufunguo umeuweka shingoni.

Yanayoharibika: kichujio hiki kinazuia tovuti nzima, hakioni kilichomo ndani ya programu. Mtandao wa kijamii wenye picha za kila aina utapita kama kawaida. Programu ya VPN, ile inayopitisha mtandao wako kwa njia nyingine, nayo mara nyingi inakipita. Kwa hiyo programu inayokujia kwenye karatasi yako ya mnyororo mara mbili au zaidi, ifute. Usiipunguzie muda. Ukiihitaji kwa kazi, ifungulie kwenye kompyuta iliyo mahali watu wanapita.

Lililo rahisi kuliko yote: simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala, na ununue saa ya mezani ya kengele. Kisingizio cha "natumia kengele ya simu" ndicho kinachorudisha simu kitandani. Naona watu wananunua programu za ulinzi za kila mwezi huku chaja iko chini ya mto.

Kalamu ya Chuma
Tusikwepe punyeto. Wengine wanasema Biblia haijaitaja, basi ruksa.

Msomaji Taratibu
Haijaitaja kwa jina, kweli. Na Onani wa Mwanzo 38, aliyemwaga mbegu chini, si hoja ya haki hapa: kosa lake lilikuwa kumnyima marehemu ndugu yake uzao huku akiendelea kumtumia mjane. Wanaomtumia kuwatisha vijana wanalazimisha maandiko. Ila tusiruke upande wa pili. Tendo hilo haliji mikono mitupu, huja na picha ya mtu, na Mathayo 5 inagusa hiyo picha. Makanisa yanatofautiana hapa: Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliita kosa zito kwa asili yake, huku ikikiri kwamba mazoea na wasiwasi vinaweza kupunguza uzito wa hatia ya mtu. Baadhi ya walimu wa Kiprotestanti wanaliacha kwenye dhamiri. Mimi nipo na wale wanaosema mtu aache kulitenda, lakini sitamwambia kijana kwamba ameangamia.

Mama wa Zamu ya Pili
Kaka zangu, mmeandika kana kwamba dada hawana mwili. Kwa wengi wetu mlango si picha, ni hadithi: simulizi za mapenzi zinazosomwa sura kwa sura, gumzo la usiku na mtu "wa kuombeana naye", kumjengea mume wa mtu maisha ya kufikirika. Kwa baadhi hamu hupanda katikati ya mzunguko, siku za kuelekea yai kupevuka. Andika tarehe miezi mitatu. Ukijua siku zako, hutashtuka na kudhani umeacha imani ghafla. Siku hizo usiahidi gumzo la saa sita usiku.

Halafu ndoa. "Ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa" (1 Wakorintho 7:9) haikusema ndoa inaponya mazoea. Aliyejizoesha kila dakika picha mpya anamleta mwenzi mmoja halisi, mwenye uchovu na maoni, akashindane na maelfu. Na waliomo ndani wasome mstari wa 5: msinyimane, isipokuwa mmepatana kwa muda, mpate faragha ya kusali, mkajiane tena. Kuna kupatana, kuna muda, kuna kurudiana. Anayefunga siku 40 bila kumwambia mwenzake ameuvunja mstari huo akidhani ni utakatifu.

Mshauri Mstaafu
Dada amegusa kufunga. Funga ni nidhamu nzuri, lakini njaa pamoja na uchovu wa mkesha pamoja na upweke ni vitu vitatu kati ya vile vinne alivyovitaja Msomaji. Anayefunga kwa ajili ya vita hii alale mapema, na asifunge akiwa peke yake nyumbani wikiendi nzima.

Kuhusu mwenzako wa kuwajibishana: awe wa jinsia yako, awe amekutangulia hatua kadhaa, na asiwe mchumba wako. Mchumba akifanywa askari, uchumba unageuka kituo cha polisi. "Unaendeleaje kiroho?" hujibiwa "Mungu ni mwema" na kikao kimekwisha. Muulizane: tangu tulipoonana umetafuta kitu kwa makusudi? Saa ngapi? Nini kilitangulia? Umenificha lolote katika majibu haya? Tena mkubaliane neno moja la kutuma *kabla*, wakati hamu inapanda, na anayelipokea apige simu bila kuuliza. Urafiki wa kuripotiana maanguko tu huwa baada ya miezi michache ni watu wawili wanaofarijiana ndani ya shimo.

Bado Najifunza
Na kama ni ugonjwa? Wengine wanasema ni roho, aombewe tu.

Mshauri Mstaafu
Aombewe, kisha aangaliwe. Kuna hali mbili zinazochanganywa. Ya kwanza: mawazo ya ngono yanayomchukiza mwenyewe, labda kuhusu ndugu zake au vitu vitakatifu, naye anatubu mara hamsini kwa siku bila kupata amani. Huyo huenda ana ugonjwa wa mawazo shurutishi. Kila toba ya ziada inaulisha ugonjwa, na tiba ipo kwa wataalamu wa afya ya akili. Kumwongezea mahubiri ya tamaa ni kumtesa.

Ya pili: Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua tabia ya ngono iliyoshindikana kudhibitiwa, kwa miezi 6 au zaidi, hadi kuathiri afya, kazi au mahusiano. Limeweka tahadhari ninayoipenda: mateso yanayotokana na kujihukumu kimaadili peke yake hayatoshi kuuita ugonjwa. Kujisikia vibaya Jumapili si uraibu. Kukosa kazi kwa sababu hukulala usiku tatu mfululizo, hapo tafuta msaada.

Mlinzi wa Zamu
Nyongeza juu ya saa ya kwanza baada ya kuanguka, kwa sababu ndiyo inayozaa anguko la pili. Sauti husema "siku imeshaharibika, malizia". Usimalizie. Washa taa, oga, soma Zaburi 51 mara moja, mwambie mwenzako ndani ya saa 24, jaza ile karatasi. Usijiwekee adhabu wala nadhiri ya "sitarudia tena kamwe". Nadhiri ya usiku wa manane huvunjika Alhamisi, na inapovunjika inavunja na moyo.

Bado Najifunza
La mwisho, samahani. Ndoto zile za usiku, mtu anaamka shuka limeloa. Hiyo nayo niitubie?

Msomaji Taratibu
Walawi 15. Mwenye kisonono, mstari wa 14, analeta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Aliyetokwa na shahawa, mstari wa 16, anaoga maji, anakuwa najisi hata jioni, basi. Sadaka haikudaiwa. Mstari wa 17 unataja na nguo: ifuliwe. Oga, fua shuka, uende kazini.