Acheni kutuuzia chatu wagonjwa kwa kisingizio cha "rangi adimu"

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Miezi saba sasa naishi na chatu wa aina inayouzwa kwa jina la Spider, wale wadogo wenye asili ya Afrika Magharibi wanaojiviringa kama mpira wakiogopa. Mistari myembamba, rangi inawaka, picha ya tangazo ilinimaliza. Ambacho picha haikuonyesha ni kichwa kinachoyumba kama cha mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Nikimpa panya, anarusha kichwa kulia wakati panya yuko kushoto. Anakosa, anakosa tena, shingo inajisokota, halafu anaishia chali na wala hajui kama yuko chali. Nikamuuliza aliyeniuzia. Jibu: "Ndivyo walivyo hao, wana mbwembwe kidogo."

Mbwembwe!

Kwa hiyo alijua, na hapo ndipo panaponiuma. Hii siyo bahati mbaya ya yai moja. Jeni ileile inayochora ile mistari ndiyo inayovuruga mizani ya mwili. Nyinyi mnaojigamba kwamba mtaichuja kasoro kwa kuchagua wazazi "watulivu", miaka yote hii mmechuja nini? Mzazi anayetikisika kidogo tu anazaa mtoto anayejisokota. Nakala moja ya jeni inatosha, hivyo ukimpandisha Spider na chatu wa kawaida, takribani nusu ya watoto wanarithi uzuri na ugonjwa kwa pamoja. Mwaka 2022 watafiti walichapisha skani za vichwa vya Spider: sikio la ndani limeumbika vibaya. Nyoka hana sikio la nje, lakini la ndani analo, na ndilo linalomwambia juu ni wapi na chini ni wapi.

"Lakini anakula, anakua, anazaa!" Utetezi huu umenichosha. Chatu hana uso wa kukunja wala sauti ya kulia, sasa ulitaka akwambieje? Wangu anakula kwa sababu mimi nashika panya kwa koleo na kukifuata kichwa chake kinakoelekea. Na kuzaa, si nyinyi ndio mnaowapandisha? Chatu wa rangi nyingine, Champagne, nao wanayumba hivihivi, na kuna rangi ya Super Cinnamon wanaoanguliwa na uti wa mgongo uliopinda. Bado mnawapa majina ya kupendeza.

Sijasema waliopo wauawe. Wangu nitamtunza, na hawa wanaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Ninachotaka ni msizalishe wengine. Na ukiwa na Spider wa kuuza, weka video akiwa anakamata panya, achana na picha za mgongo.

Wewe uliyeniuzia, najua unapita humu. Ile video niliyokutumia Jumanne umeifungua, mpaka leo hujajibu.