Mihadhara ya jioni ya kompyuta Mwanjelwa, Mbeya: ukumbi, umeme na mada tuviandaeje?

Mwana_Mwanjelwa:
Wakuu habari za jioni. Tunaandaa mihadhara ya bure kuhusu kompyuta na simu, kila Alhamisi, watu 40 hadi 50: wafanyabiashara wa sokoni, bodaboda, wazazi, wanafunzi. Mada ya kwanza ni utapeli wa mitandaoni. Ukumbi ni wa bati bila dari, madirisha yanatazama magharibi. Projekta ni ya taa, mwanga wake lumeni 3,000. Tuanze saa ngapi, na umeme ukikatika?

fundi_inveta:
Mkuu, anza na umeme. Projekta hiyo hula kama wati 260, kompyuta mpakato 60, spika 40. Jumla 360. Betri ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini kama ni ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Ukitoa na upotevu wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, unabaki na saa moja na dakika 20 hivi. Inatosha mhadhara mmoja usiozidi muda huo.

Watu wengi hukosea kwenye waya. Kwa mzigo huo betri inatoa takriban ampea 35. Waya wa betri ukiwa mwembamba au mrefu, volti zinapotelea njiani na inveta inalia kwamba betri imeisha wakati bado imejaa. Tumia waya wa mm² 10 au zaidi, usizidi mita moja na nusu, na ufunge fyuzi karibu na betri.

Projekta ichomeke kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme kwa dakika chache. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto. Hapo taa inachakaa haraka, na itabidi msubiri ipoe ndipo iwake tena.

Dada_Uyole:
Kwa madirisha hayo, saa 11 jioni jua linapiga ukutani moja kwa moja na maandishi hayasomeki. Weka pazia zito, au elekeza picha kwenye ukuta ule ule wenye madirisha, sehemu iliyo kati ya dirisha na dirisha. Usisogeze muda hadi usiku: wa Mbalizi na Uyole wanawahi daladala, na Juni na Julai baridi ya huku mnaijua. Saa 11 hadi 12 na nusu panatosha.

Masika nayo! Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hata mwenye sauti kubwa hasikiki mstari wa tatu. Spika na maiki ni lazima. Maandishi yasipungue saizi 28.

mwl_tehama:
Kwenye mada, msiwasomee slaidi. Dakika 25 za maelezo, zinazobaki kila mtu ashike simu yake. Wenye vitochi wapige *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Watangazieni mapema waje na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Wenye WhatsApp waende Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, waweke PIN ya tarakimu sita. Wasaidizi wanne wazunguke, bila kushika simu ya mtu wala kutazama PIN yake. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Msitegemee intaneti ya ukumbini. Simu moja ikigawa mtandao kwa watu 40 inakwama. Picha za hatua ziwe tayari kwenye kompyuta.

Mwana_Mwanjelwa:
Asanteni sana wakuu. Betri tuliyonayo ni ya gari, 70Ah. Itafaa?

fundi_inveta:
Hapana mkuu. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha hadi nusu kila wiki itaharibika upesi. Tafuta ya sola, na muuzaji aipime volti mbele yako: ikiwa imejaa na imepumzika isome 12.6 au zaidi.