Tathmini ya kikundi cha mwani Mlingotini: yasiyoingia kwenye dodoso niyaweke wapi?

MtuWaPwani: Habari za humu. Nipo Bagamoyo, nafanya tathmini ya mradi wa kina mama wa mwani, Mlingotini. Dodoso linauliza kamba ngapi za kupandia mwani, kilo ngapi kavu, bei gani. Wanajibu vizuri tu. Karatasi ikishafungwa ndipo maneno yanapoanza: huyu siku hizi haendi msibani mikono mitupu, yule mwanawe kaolewa na kitanda kanunua yeye. Kwao faida ndiyo hiyo. Nikiyaandika kama nukuu, mfadhili anayaruka. Nafikiria kuwaomba vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, watunge igizo. Mnaonaje?

BintiNgamiani: Igizo litapendeza, ila litakuwa la hao vijana. Mimi huku Tanga natumia kanga. Kila mama aje na kanga moja ambayo jina lake linasema mradi umemfanyia nini, aitandaze, aeleze kwa nini hiyo. Piga picha ya kanga, uso usionekane, na chini yake andika maneno yake kama alivyoyasema. Caroline Wang na Mary Ann Burris miaka ya 1990 waliwapa kamera wanawake wa vijijini Yunnan, China, wajionyeshee maisha yao wenyewe. Nia ni ileile, ila sisi vyombo tunavyo sandukuni tayari.

Sasa jihadhari, maana kanga ni fumbo. Kwenye kikundi kimoja mama alitandaza "Usisafirie nyota ya mwenzio". Ukumbi mzima kicheko, mweka hazina kimya. Kumbe mikopo ilikuwa inazunguka kwa walewale, na dodoso lilishasema wote wameridhika na uongozi! Usimuulize mtu hadharani anamsema nani. Mfuate kwake jioni, na umuulize kama anaridhia liandikwe.

Kaole_Mjini: Naunga mkono, ila usizitupe kanga kwenye viambatisho, huko hafiki mtu. Jedwali la mapato hapa, picha ya kanga pembeni yake, ukurasa huohuo. Na kabla hujatuma, warudie uwasomee.

MtuWaPwani: Shukrani. Na asiye na kanga yenye jina linalomfaa?

BintiNgamiani: Aazime kwa jirani. Au mwambie atunge jina ambalo angetaka lichapwe. Hapo ndipo utasikia makali, mwanangu, uwe na kalamu karibu.

MtuWaPwani: Na wanaume wanaosaidia kubeba?

BintiNgamiani: Hao wakute kwenye bao. Dodoso usilitoe.