Huyu "mwenyeji wa Ulaya" mnamjua, kanidhalilisha mto Dordogne na leo sinyamazi

MtuWaMpwapwa:
Wakuu heshima kwenu. Mods nawaomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho, mimi sicheki. Hapa ninapoandika soksi zangu bado zinaning'inia dirishani, hazijakauka.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule MC wa sendofu zote za Wabongo Uingereza, wa "mimi Ulaya nimeingia 98 nyie bado chekechea". Huyo huyo. Ndiye aliyetuchangisha toka Februari, watu tisa, tukakodi nyumba ya shamba huku Ufaransa, bonde la mto Dordogne, jirani na Sarlat, eti tupumzishe akili. Akili yangu mimi ilikuwa imepumzika tangu nyumbani, kaja kuiamsha yeye.

Sehemu ni nzuri, sidanganyi. Nyumba za mawe rangi ya asali, kila kilima kina kasri juu utafikiri zamani walikuwa wanagawiwa kwa mgao. Lakini ukiwa na huyu mtu huoni kitu maana kila jiwe analo hotuba. Jumamosi tuko soko la Sarlat, mimi natafuta nyanya tu, yeye kasimama kwenye ile sanamu ya bata bukini watatu anatuhutubia mambo ya malkia Eleanor kuolewa na Henry mwaka 1152 ndiyo Waingereza wakalipata eneo hili lote kwa njia ya unyumba, watu na vikapu vyao wanatupita wanatushangaa, nyanya zikaisha.

Sasa jana. Tumekodi mitumbwi pale Vitrac tushuke na maji mpaka Beynac. Kanipanga naye mtumbwi mmoja, mimi mbele yeye nyuma, halafu mbele ya watu wote anapaza sauti "huyu kafi msimpe, mtu wa Dodoma huyu, maji anayajua ya kwenye ndoo". Nikameza. Nikasema ni utani. Tukapita chini ya Domme, tukafika La Roque-Gageac, kijiji kimebanwa kwenye mwamba kama mzinga wa nyuki, na hapo ndipo akaona anitangazie kwamba mwaka 1957 mwamba huo ulimeguka ukaua watu watatu. Hiyo ni habari ya kumpa mtu asiyejua kuogelea?

Tunafika Castelnaud, daraja lile pale, ngome iko juu. Anaanza vita vya miaka mia, 1337 mpaka 1453, ngome hii walikaa Waingereza, ile ya Beynac ng'ambo Wafaransa, wanatazamana kama majirani waliogombania mpaka wa kiwanja. Kisha anasema, na hapa someni polepole: "Simama nikupige picha ngome iwe nyuma yako."

SIMAMA. Kwenye mtumbwi. Nikasimama, maana nilimheshimu kama kaka.

Baada ya hapo niliona mbingu, nikaona kijani, nikaona samaki mmoja ananitazama. Maji puani, maji masikioni. Nimepiga ukunga kwa Kiswahili, Kigogo, Kiingereza, na Kifaransa ambacho asubuhi sikuwa nacho kikatoka chenyewe. Nimeshawaaga watoto. Na yeye kashika simu anarekodi, ananiambiaje?

"Simama."

Tena! "Simama bwana, maji ya magoti hayo, hata kuku anavuka."

Nikasimama. Yalikuwa ya magoti. Tena chini ya magoti kidogo. Pembeni yangu katoto ka Kifaransa ka miaka kama sita kana kawavu kake ka samaki, kananitazama mimi kama unavyomtazama mtu anayegombana na kioo.

Sasa ingeishia hapo ningesamehe. Hatujatia nanga Beynac vidio iko kwenye grupu, sekunde 14, kaiwekea na singeli. Grupu la ukoo wa MKE wangu. Mama mkwe yuko Tanga, mtu wa pwani, mtu niliyemwambia siku ya posa kwamba mimi maji siyaogopi, akajibu kwa upole kabisa: "Pole mwanangu. Huo ni mto au bafu?"

Wakuu, mto au bafu. Sijalala. Nikifumba macho nasikia simama, ya kwanza na ya pili, na ya kwanza ndiyo iliyonimwaga, hilo kwenye vidio hakuliweka kalikata!

Nishaurini. Nimshitaki, nimbloku, au ule mchango wake uliobaki nimlipe kwa sarafu za peni moja moja?

Chui wa Kigamboni:
Simama mkuu.

Lushoto_Baridi:
Nimesoma uzi wote nimekaa. Vidio iko wapi?

Bi Mkunde:
"Samaki mmoja ananitazama" 😂😂 maji ya magoti samaki naye alikuwa anashangaa mmekutana vipi. Pole kaka yangu. Lakini swali, laifu jaketi ulivaa?

MtuWaMpwapwa:
Nilivaa dada.

Bi Mkunde:
Kwa hiyo ulikuwa unazama kwenye maji ya magoti, na laifu jaketi umevaa.

MtuWaMpwapwa:
Ndiyo maana nikasema mapema siyo jukwaa la vichekesho.

Kinyozi Mstaafu:
Huyo mtu usinitajie, yaani usinitajie. Harusini kwangu yeye ndiye MC, baba yangu mchango alishalipa wote na risiti anayo mfukoni, jamaa kashika maiki mbele ya wakwe anasoma "mzee, AHADI". Ahadi! Mzee wangu alikaa na lile neno mpaka keki ikakatwa. Mpaka leo tukimpelekea sukari anauliza "hii ni sukari au ahadi". Wewe umeloa soksi tu unalia.

Sikujua_Kitu:
Jamani ni nani huyo? Nichekini pembeni.

Kinyozi Mstaafu:
Anajulikana.

Sikujua_Kitu:
Mimi simjui.

Nyundo ya Mbezi:
Mleta mada kosa ni lako. Mtu mzima unaambiwa simama kwenye mtumbwi unasimama, ukiambiwa ruka? Huyo jamaa ana makosa yake lakini mto wameutumia karne na karne, mashua zao za zamani zilikuwa zinashuka na mbao na divai kuelekea Bordeaux, nyingine zikifika zinavunjwa zinauzwa kuni maana kurudi juu ni kazi. Hakuna aliyesimama kupiga picha.

Chui wa Kigamboni:
Nyundo ya Mbezi na wewe ndiye MC nini, mbona una hotuba?

Nyundo ya Mbezi:
Mimi nimesoma tu.

Mama Wawili Bruxelles:
Mimi ni wa Lubumbashi, niko Bruxelles. Mutanisamehe lakini Watanzania mukifika France munapata shida ya kujitakia. Unaingia duka unaanza na bei ngapi. Anza na bonjour kwanza! Bila bonjour hata mkate hawakupe vizuri. Huyo mutoto wa samaki, ulimwambia bonjour?

MtuWaMpwapwa:
Mama, nilikuwa nakufa.

Mama Wawili Bruxelles:
Hata hivyo.

Tausi wa Ilala:
Afadhali wewe umeloa maji, mimi nililoa hela. Mwaka juzi nilienda huko huko, tumeendesha mpaka Montignac kuona pango la Lascaux, lile waliloligundua vijana mwaka 1940, lina michoro ya ng'ombe na farasi ya kale kabisa. Nimevaa viatu vya kupandia mlima, nimebeba tochi. Kufika, KOPI. Pango lenyewe wamelifunga toka 1963 kwa sababu pumzi za watalii ziliotesha ukungu na mwani ukutani, kwa hiyo wametengeneza la bandia. Na siyo la kwanza hilo, kuna la 1983 na hili la 2016, yaani fotokopi nayo ina toleo jipya! Nimelipa yuro zangu kuona fotokopi na tochi yangu mkononi.

Lushoto_Baridi:
Na Kolo kule Kondoa kuna michoro halisi kabisa kwenye miamba, UNESCO wameitambua 2006, umeshaenda?

Tausi wa Ilala:
...

Lushoto_Baridi:
Sawa.

Mkorosho:
Mnaongelea michoro mimi naongelea njaa. Huko vijijini saa sita na nusu maduka yanafungwa watu wanaenda kula, ukichelewa umechelewa, Jumapili mchana ndiyo usiseme. Na chakula chenyewe bata, kila kitu bata. Nikasema basi mimi nile viazi tu nisijiingize kwenye mambo ya nyama nisiyojua imechinjwaje. Viazi vimekuja vinanukia kitunguu saumu safi, nimemaliza sahani ndiyo naambiwa vimekaangwa kwa mafuta ya bata. Nililia kimoyomoyo.

Bi Mkunde:
Vilikuwa vitamu?

Mkorosho:
Hilo siyo swali la kumuuliza Muislamu hadharani.

Otieno_wa_Kayole:
Wabongo mna drama jameni, mtu ameanguka kwa maji ya magoti mnaongea kuhusu viazi 😂 Mimi hata visa ya Schengen walininyima, wakasema hawaamini nitarudi. Mngenipea hiyo nafasi ya kuloa.

Bi Mkunde:
Tuwe serious kidogo. Mleta mada, huko karibu na Beynac kuna kasri la Milandes alilokaa Josephine Baker, yule Mmarekani mweusi aliyewafanyia Wafaransa ujasusi vita vya pili, 2021 wakamuingiza Panthéon, jengo lao la kuenzi mashujaa, mwanamke mweusi wa kwanza. Angalau huko mlienda?

MtuWaMpwapwa:
Wenzangu wameenda leo dada. Mimi nimebaki na soksi.

Bi Mkunde:
Aisee kaka. Mama wa watu kaasili watoto 12, madeni yakamnyang'anya kasri, na bado alirudi jukwaani. Kweli wewe unashindwa kutoka chumbani kwa sababu ya sekunde 14?

Chui wa Kigamboni:
Yaani kwa kifupi, simama.

MtuWaMpwapwa:
Hilo neno nimeomba lisitumike kwenye uzi huu.

Nyundo ya Mbezi:
Tuseme ukweli jamaa hakukosea kabisa, Dodoma maji ni ya ndoo.

Mzee wa Kibaigwa:
Nyundo chunga mdomo. Dodoma hakuna maji? Na Mtera ni nini, beseni?

Nyundo ya Mbezi:
Mtera ni Iringa.

Mzee wa Kibaigwa:
Bwawa liko mpakani, nusu yetu. Nimevua pale nikiwa kijana, mtumbwi wa gogo, na sikuwahi kuona mtu kasimama anapigwa picha.

Lushoto_Baridi:
Kumbe hata Kibaigwa wanamcheka 😂

MtuWaMpwapwa:
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Jamaa amerudi sasa hivi, yuko chini sebuleni anaicheza ile vidio kwa wenye nyumba Wafaransa na anawatafsiria. Nasikia "simama" kwa Kifaransa.

Mama Wawili Bruxelles:
Ni "lève-toi".

Mkorosho:
Mzee wa Kibaigwa samahani, perege wa Mtera siku hizi kilo wanauzaje? Kuna mtu kaniambia wamekuwa wadogo.

Mzee wa Kibaigwa:
Wadogo ndiyo watamu. Ukiwa barabara ya Iringa unawaona wamepangwa mezani, wa kukaanga.

Otieno_wa_Kayole:
Hamjakula samaki wa Kisumu nyinyi.

Kinyozi Mstaafu:
Sato wa Mwanza hana mpinzani, mjadala umefungwa.

MtuWaMpwapwa:
Hapo hapana Kinyozi. Mimi nina msiba wangu lakini hilo siwezi kuliacha lipite. Perege wa Mtera akipikwa vizuri, pembeni ukawa na ugali wa uwele na mlenda, sato akae mbali.

Mkorosho:
Wa kukaanga au mkavu?

MtuWaMpwapwa:
Mkavu, wa kuchemsha na karanga.