Likizo ya Juni kwa bibi Newala: mtoto mwenye pumu ataiweza baridi?

Mama Nasra, Mbagala

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu wote shikamooni. Naomba ushauri wa watu wa Kusini, hasa mnaoishi kule juu, Newala na Tandahimba.

Mimi ni wa Mtwara mjini, nimezaliwa na kukulia Chikongola. Mume wangu kwao Newala, na huko ndiko aliko mama mkwe. Wifi yangu anayekaa naye kanipigia simu: mama miguu inamsumbua, safari ya Dar haiwezi tena, na kutwa anaulizia wajukuu. Huyu wetu mdogo hajawahi hata kumtia machoni. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni mpaka mapema Julai, na kazini nimeshaomba ruhusa.

Kinachonitia wasiwasi ni baridi. Ukiwaambia watu wa Dar kwamba Kusini kuna baridi wanacheka, lakini mimi nimeshalala Newala mwezi wa saba. Nilijifunika blanketi na vitenge viwili juu yake, na bado usiku nikawa naamka kujikunyata. Asubuhi ukungu umejaa uwanjani, mwembe wa jirani huuoni, na upepo unapenya chini ya mlango. Sasa mtoto wangu wa kati ana pumu. Hata hapa Mbagala penye joto, akikutana na vumbi au moshi wa takataka kifua kinabana, anapumua kwa mluzi. Pampu yake ya kuvuta haitoki kwenye mkoba wangu.

Baba yao anasema tusubiri Desemba. Mimi moyo wangu uko Juni, maana mama ni mtu mzima na ameshasubiri vya kutosha. Mwenye mtoto wa namna hii kule juu, miezi ya kipupwe mnafanyaje? Halafu siku za mwisho tutashuka Mtwara mjini kwa wazazi wangu. Bahari inaogeleka, au kusi limechafua kila mahali?

Mvuvi wa Mikindani

Dada, mimi nikujibu la bahari, hilo ndilo ninaloliishi. Kusi linaanza kuvuma Aprili, na ukifika Juni na Julai limekomaa. Asubuhi kuna nafuu, ikifika mchana upepo unapanda na bahari ya nje inakuwa nyeupe tupu. Siku nyingine hata sisi vyombo tunavifunga. Akitokea mtu akakwambia atawapakia watoto kwenye boti saa nane mchana kwenda visiwani, mkatalie, hata akupunguzie nauli. Msimbati nendeni kwa gari. Ufukwe ule ni mzuri sana, mchanga mweupe mpaka macho yanauma, ila kina kiko karibu na watoto wachezee mchangani.

Kuogelea waleteni kwetu Mikindani. Ghuba imezungukwa na nchi kavu, mawimbi ya nje hayaingii kwa nguvu. Wakitoka majini wapandisheni Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895, wauone mji wote kutoka juu. Na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana kama saa nne asubuhi. Hapo nendeni Shangani, mwamba unabaki wazi na watoto wanatembea wakiokota kombe. Wavae viatu, matumbawe yanakata.

Mkikaa mpaka Julai ulizeni habari za nyangumi. Ndiyo miezi wanayopanda kutoka bahari ya kusini kabisa kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Ukimwona mmoja anaruka hutamsahau.

Bi Mkorosho, Tandahimba

Mwanangu, marahaba. Mimi nasema njoo Juni. Lakini nataka nikueleze cha kuogopa, maana naona umeshika baridi peke yake.

Baridi ya huku ni ya usiku na asubuhi. Miezi hii jua limehamia kaskazini, upepo unatoka kusini, na sisi tuko juu ya uwanda, hakuna cha kuuzuia. Mtoto akivaa sweta, soksi na mzula wa kufunika masikio analala vizuri. Sweta za mtumba nunua hukohuko Mbagala. Godoro ulitandikie blanketi moja chini na moja la kujifunika, kwa sababu baridi ya huku inapanda kutoka sakafuni. Ule upepo wa chini ya mlango ukunjie kitenge uuzibe. Saa nne jua likitoka sawasawa watoto watavua sweta wenyewe na kukimbia.

Mjukuu wangu ana pumu, nimemlea mimi tangu ananyonya. Kinachomwangusha huyu miezi hii ni salfa.

Wewe umekulia mjini, mumeo anajua. Huu ubaridi na umande ndio unaoleta ubwiri unga kwenye mikorosho. Unaona unga mweupe umekaa kwenye majani machanga na maua, baada ya muda ua linakauka, na korosho hupati. Kwa hiyo mikorosho ikianza kuchanua, kuanzia Juni na kuendelea Julai mpaka Agosti na zaidi, watu wanapuliza. Wapo wanaotumia dawa ya maji, lakini wengi bado ni salfa ya unga. Hiyo inapulizwa alfajiri, upepo haujaamka na majani yangali na umande, ili unga unate. Utasikia mashine zinaunguruma kabla hujapambazukiwa. Kukipambazuka unaona wingu la manjano limesimama kati ya mikorosho, na upepo ukiamka linaondoka pale linaingia majumbani. Macho yanawasha, koo linakereketa. Mtu mzima mwenye mapafu yake anakohoa, sembuse mtoto mwenye pumu. Na dawa inarudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, kila mwenye shamba na siku yake, ndiyo maana msimu ukikolea mtaa unaweza kusikia mashine karibu kila asubuhi.

Basi fanya hivi. Mpigie wifi yako umwulize mikorosho ya jirani imefikia wapi. Ikiwa bado inatoa majani tu, njooni haraka mwanzoni mwa likizo mkae huku kwanza, Mtwara mjini muende mwisho. Hapo utakuwa umewahi kabla mambo hayajashika kasi. Chumba cha mtoto kiwe upande usiotazama shamba. Alfajiri dirisha lake lifungwe, na asitoke mpaka mashine zimenyamaza na hewa imetulia. Nguo zake zisilale kwenye kamba nje, kwa sababu unga unatua juu yake halafu asubuhi unamvisha. Hilo watu wengi hawalifikirii. Na mtu yeyote anayetoka kupuliza, awe baba mdogo awe nani, aoge na abadili nguo ndipo ampakate. Usione haya kulisema. Mimi nalisema kwangu kila mwaka na hakuna aliyekasirika.

Kabla hujasafiri mpeleke kwa daktari wake umweleze unakokwenda. Pampu uje na ya akiba. Hospitali ya wilaya Newala ipo, ila usije mikono mitupu kwa kutegemea kwamba utapata kila kitu.

Jambo lingine ni homa. Mtoto akichemka, watu watakwambia ni baridi tu, mpake mafuta ya ubuyu alale. Mpeleke zahanati apimwe malaria siku hiyohiyo. Mikoa yetu hii malaria haiendi likizo, na chandarua kifungwe hata kama usiku husikii mbu.

Kuhusu Desemba, mumeo aulizwe habari za maji. Huku juu tunategemea sana visima vya nyumbani vya kuvunia maji ya mvua. Juni kisima bado kina maji, masika hayajawa mbali, watoto wataoga kila siku na maji ya moto utachemsha bila kubania. Novemba na Desemba mvua zikichelewa kisima kimebaki tope, unanunua kwa ndoo. Uje na watoto watatu wakati huo uone kazi. Na Juni chakula kipo. Mbaazi zinaanza, karanga na njugu mawe zimeshavunwa, ming'oko inachimbwa. Wachemshie watoto ming'oko wale na chai ya asubuhi, waonje chakula cha kwao.

Kijana wa Masasi

Shemeji, mimi namuunga mkono mzee wako kidogo. Naheshimu alichosema mama hapo juu, lakini Desemba ndipo ukoo unapokutana. Minada ya korosho inaanza Oktoba, ikifika Desemba wengi wameshalipwa kupitia vyama vyao, harusi zinafungwa, ndugu wa Dar, Lindi na wa ng'ambo ya Ruvuma wanakuja. Watoto watawajua binamu zao wote kwa mpigo. Juni utakuta kila mtu yuko shambani na mashine mgongoni, hata wa kupiga naye soga humpati.

Kama unaweza, nenda mara zote mbili. Kama huwezi, mimi ningepima hali ya mama. Kama miguu inamsumbua hivyo, labda ni kweli usisubiri.

Mama Nasra, Mbagala

Ahsanteni sana. Bi Mkorosho, Mungu akupe maisha marefu. Habari ya nguo kwenye kamba nimeisoma nikamwonyesha mume wangu, akakaa kimya, halafu akasema kweli, akiwa mdogo shati la shule lilikuwa likinuka salfa mpaka darasani. Kwa hiyo hilo limeingia.

Kijana wa Masasi, hoja yako ya ukoo nimeielewa na inaniuma. Lakini mama mkwe hatakuwa na nguvu za kukaa na watu wote wale Desemba. Nataka akae na watoto nyumbani kwake penye utulivu, wamsimulie shule, awasimulie ya zamani.

Swali moja limebaki na naona aibu kumwuliza mwenyewe. Wifi anasema mama usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha, ndipo analala. Na ameshasema wajukuu watalala naye. Nitamwambiaje mama wa watu, chumbani kwake?

Bi Mkorosho, Tandahimba

Hapo mwanangu usiwe na aibu hata chembe. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua, na linaua watu wazima wenye afya. Mkaa ukiwa mwekundu, hauna moshi, watu wanadhani umeshakuwa salama. Gesi yake haina harufu. Mtu analegea usingizini na haamki. Na kwa mtoto wa pumu hata kabla ya kufika huko kifua kimeshafunga.

Usiseme wewe. Amwambie mwanawe, na amwambie wakati wa mchana, wamekaa, si usiku jiko limeshaingia. Wazee wetu wanasikia la mtoto wao wa kiume kwa mambo ya nyumba, tuupende tusiupende utaratibu huo. Na asimnyang'anye joto akamwacha hivihivi. Jiko likae ukumbini au barazani jioni mlango ukiwa wazi, mama aote moto mpaka ashibe. Akienda kulala mchemshieni maji, yatieni kwenye chupa ya plastiki ngumu au dumu dogo lisilovuja, lizungushiwe khanga, liwekwe miguuni pake ndani ya shuka. Yasiwe ya kububujika, yasije yakamuunguza, ngozi ya wazee ni nyepesi. Mama yangu mzazi alikuwa na jiko chumbani miaka yote, na lile dumu ndilo lililomtoa jiko. Alikuwa akiniuliza mwenyewe saa mbili usiku, dumu langu liko wapi.

Wajukuu walale naye, usimnyime hilo. Yule mwenye pumu alale upande wa mlango, pampu iwe mahali ambapo mkono wako unaifikia gizani.

Mtu wa Lindi

Dada, nyongeza ndogo ya njiani. Basi linatoka Dar alfajiri na mnashinda barabarani. Huyo mtoto asikae dirishani, na mkifika Lindi mjini kwenye upepo wa bahari mvalishe tayari, usisubiri mpaka mpande Newala. Kama mna ndugu Lindi laleni usiku mmoja, kesho yake mnaendelea kupitia Mingoyo na Masasi mkiwa hamjachoka. Barabara ya kupitia Tandahimba iulizieni kwanza kwa wenyeji imefikia wapi.

Mama Nasra, Mbagala

Tumekubaliana. Tunaondoka wiki ya kwanza ya likizo, Lindi tutalala kwa mama mdogo, Newala ndiyo tunaanzia, na siku za mwisho Mtwara mjini na Mikindani. Mume wangu ameshampigia wifi kuhusu mikorosho ya jirani, anasema bado inachipua. Na la jiko amesema atalisema yeye.

Bi Mkorosho, la mwisho kabisa. Mama nimbebee nini cha baridi? Nilifikiria sweta zito.

Bi Mkorosho, Tandahimba

Sweta ndiyo, lakini la vifungo mbele. Haya ya kupitishia kichwani mtu mwenye mabega na viungo vibovu yanamtesa, ataliweka sandukuni na kukwambia ahsante. Soksi za sufu zisizobana, jozi kadhaa. Blanketi usinunue jepesi la mapambo. Na sukari na majani ya chai usisahau, maana wageni watakaokuja kuwaona hao wajukuu ni wengi.